Ayurveda: wazee walijua dawa inavyoingia damuni au walibahatisha?

Mchokozi: Wakuu habari zenu. Kule India matabibu wa Ayurveda, tiba yao ya jadi, wanasema dawa ukimeza inapikwa na agni, moto wa tumbo, moto ukiwa hafifu haiivi, inageuka kitu wanachokiita "ama", uchafu unaonata na kuziba njia za mwili, ndo maana wanachanganya na pilipili manga, pipali (pilipili ndefu) na tangawizi. Sasa 1998 watafiti wa Bangalore wakawapa watu kurkumini, kiini cha bizari ya manjano, pamoja na piperini, kiini cha ukali wa pilipili manga, iliyoingia damuni ikaongezeka asilimia 2000. Walijua au walibahatisha?

FundiDozi: Walibahatisha. Piperini haichochei moto wowote, inavizuia vimeng'enya vya utumbo na ini visiivunje dawa mapema. Yaani inazima jiko, wao wanasema linawaka 😂 Hawahawa wanadai asali ikipata moto ni sumu. Mambo ya bibi.

MamaKashata: We FundiDozi bibi kakukosea nini? Kakulea mpaka ukafika hicho chuo, leo umevaa koti jeupe unamcheka.

FundiDozi: Dada nimesema asali, sijamtaja bibi wa mtu.

Mzee wa Gahawa: Mie chai ya tangawizi naitia asali ikiwa bado inafuka, tangu enzi za Mwinyi. Hiyo sumu inangoja nini?

Jongoo: Mzee wangu, Charaka, tabibu wao wa kale, alikataza asali kupashwa moto, kuitia kwenye chai inayofuka si yaleyale?

Mzee wa Gahawa: Huyo Charaka aje baraza letu aniambie mwenyewe.

MtuKati: Jamani turudi kwenye dawa. Wao dawa ina kibebeo chake, wanaita anupana: asali kwa mwenye kafa (makohozi) iliyozidi, samli kwa mwenye pita (nyongo, joto) iliyozidi. Mnacheka, ila ukipewa dawa mseto ya malaria nesi anakwambiaje? Kunywa na maziwa au chakula chenye mafuta, maana lumefantrini iliyomo ndani yake bila mafuta haifyonzwi vizuri. Na samli ina tofauti gani?

Jongoo: Samli yenyewe ipo basi? Siku hizi unauziwa mafuta ya kupikia yametiwa rangi.

FundiDozi: Na hizo dawa zao je? 2004 Boston walipima 70 za madukani, 14 zikakutwa na madini ya sumu: risasi (ledi), zebaki au aseniki.

MamaKashata: Usihame mada, bibi hujamwomba radhi.

Mzee wa Gahawa: Asali ya Tabora lita bei gani sasa hivi?

Mchokozi: Ya nyuki wadogo au wakubwa?