Mbwa wangu nikimwita haji, ananikimbia. Nakosea wapi kuongea naye?

Mtu wa Katubuka
Wakuu habari za usiku. Nipo Kigoma hapa mjini, Katubuka. Nina mbwa dume anaitwa Jeki, ni hawa hawa wetu wa kienyeji, rangi ya udongo, ana miaka miwili hivi. Mwanzo tulielewana mno. Nikipiga mluzi nipo bado barabarani, anatoka mbio kunipokea. Sasa hivi nikimwita anaangalia pembeni kama hanijui. Nikirudia kwa sauti anajikunyata, nikimsogelea anaingia chini ya banda la kuku na hatoki mpaka niondoke.

Nimejaribu zile amri za kwenye video za wazungu, "siti", "kamu", "nou", hola. Nimekuwa mkali, nimekuwa mpole, yote sawa. Chakula anakula, ugali na vichwa vya migebuka, hana neno.

Wenye uzoefu niambieni mtu anakosea nini kwenye kuongea na mbwa mpaka anamkataa. Na kama kuna anayejua, mbwa mkubwa akihamishiwa kwa mtu mwingine anazoea baada ya muda gani? Hilo ni swali la pembeni tu. Nawasilisha.

Shabiki Mchovu
Nimekaa mbele kabisa. Mbwa wa Katubuka unamwambia "siti", yeye anajua basi la Kasulu limejaa.

Mama Wawili
Mimi baba watoto namwita kutoka jikoni, anaangalia pembeni hivyo hivyo, na yeye ugali anakula hana neno. Mkipata dawa mnishtue.

Ustadhi Mpole
Ndugu yangu, kabla hujauliza mbwa anakuelewaje, jiulize unamfuga kwa ajili gani. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda hana tatizo. Huyu wa kushinda naye sebuleni mkiangalia video za wazungu ndiye wa kujadili. Chombo alicholamba unakijua kinaoshwaje.

Mtu wa Katubuka
Ustadhi, Jeki analala nje na ana sufuria yake. Ni mlinzi. Kabla hajaja vibaka walikuwa wanabeba mpaka ndoo za maji.

Reli ya Kati
Umenikumbusha babu yangu kule Urambo. Alikuwa na mbwa wa kuwinda, wamefungwa njuga shingoni, na sikuwahi kumsikia akiwapigia kelele. Akigeuza bega tu, wote wanageuka. Akisimama, wanasimama. Sisi wajukuu tukiwaita kwa majina yao mpaka koo linakauka wanatuona wapuuzi. Siku moja tukawafuata porini tukapotea, tukalala juu ya mti, asubuhi tukaokotwa na warina asali. Bibi alitupiga sisi, mbwa hawakuguswa. Siku hizi hata huo msitu umeshakatwa, watu wanakausha tumbaku.

Mtu wa Katubuka
Asante mkuu, lakini swali langu bado.

Daktari wa Ng'ombe
Mimi ni mtu wa mifugo, kutwa nashinda na ng'ombe, ila mbwa nawaona sana. Reli ya Kati amesimulia hadithi lakini jibu limo ndani yake. Mbwa anakusoma mwili kwanza, maneno baadaye. Wewe unasema "njoo" huku umekunja uso, umeinama juu yake, unamkazia macho. Kwake hiyo ni vita. Huko kuangalia pembeni unakoita dharau, kwake ni kuomba amani. Kujilamba midomo wakati hakuna chakula na kupiga miayo wakati hana usingizi ni lugha hiyo hiyo. Ukikaa ubavu, ukachuchumaa, ukatazama chini, wengi wanakuja wenyewe.

Jambo la pili ni kumwita ili umpige. Hili naliona kila nyumba. Mbwa kaiba dagaa asubuhi, mwenye mbwa karudi jioni, anaita "Jeki, njoo", akija anakula fimbo. Mbwa haunganishi fimbo ya jioni na dagaa za asubuhi. Anaunganisha fimbo na kuitwa. Fanya hivyo mara chache tu, jina lake linageuka kuwa onyo.

Na watu wanabisha, "mbona anajua kosa lake, anainamisha kichwa, macho ya huruma?" Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilipima hilo. Mwenye mbwa anamkataza asile kitu, anatoka chumbani, akirudi anaambiwa kala au hajala, na mara nyingine anadanganywa. Ile sura ya "nimekosa" ilifuata kufokewa, haikufuata kosa. Hata mbwa ambao hawakula kitu waliinamisha kichwa wakifokewa.

La tatu, kwako nani anamwita, na kwa maneno gani?

Mtu wa Katubuka
Mimi natumia hizo za kwenye video. Mke wangu anamsemesha Kiha. Watoto Kiswahili. Ila Dokta, kumpiga nilimpiga kidogo tu, na alistahili.

Daktari wa Ng'ombe
Kaeni kikao, mkubaliane neno moja la kila jambo, lugha yoyote. Mkeo akisema "toka" kwa Kiha na wewe "kamu" kwa wakati mmoja, asimame wapi? Na neno liseme mara moja. Ukisema "kaa, kaa, kaa, kaa", unamfundisha kwamba amri inaanza kwenye "kaa" ya nne.

Sasa mimi nikuulize. Mbwa wa miaka miwili habadiliki hivi hivi tu. Ulimpigia nini? Na kwa nini unataka kumhamisha?

Mtu wa Katubuka
Alikuwa ameanza kunguruma watoto wakimshika. Nikamkanya. Mbwa wa nyumbani hawezi kuwangurumia watoto, hata wewe usingekubali. Kila akinguruma nampa fimbo moja, na ilisaidia, aliacha kabisa.

Daktari wa Ng'ombe
Aliacha kunguruma. Sawa. Baada ya kuacha akafanya nini?

Kijana wa Gungu
Hapo Dokta umeuliza. Wa kwetu alipigwa hivyo hivyo. Akawa kimya, mpole, tunamsifia kwa wageni. Siku hiyo hakunguruma wala hakubweka, alikwenda moja kwa moja kwenye paja la fundi bomba.

Shabiki Mchovu
Fundi alilipwa au alihesabiwa kama chakula cha mbwa?

Mtu wa Katubuka
Jamani tusitoke kwenye mada. Mada ni mawasiliano.

Daktari wa Ng'ombe
Tupo kwenye mada. Kunguruma ndiyo mawasiliano yenyewe. Amemng'ata nani?

Mtu wa Katubuka
Hajamng'ata kwa maana ya kung'ata. Jumapili mtoto wa mwenye nyumba alimkumbatia shingoni kwa nyuma, Jeki akageuka, jino likamgusa mkono. Kidonda kidogo, damu kiasi tu. Mama yake alikifunika kwa majani ya tumbaku kikakauka. Mtoto anacheza, nimemwona leo. Na mkia alikuwa anatikisa kabla, ndiyo maana mtoto alimwendea.

Ndio maana sikuweka mwanzoni, nilijua mtaacha swali langu mnirukie. Mimi na mwenye nyumba tumeshayamaliza, tumekubaliana mbwa aondoke. Kesho nampeleka Kibirizi, anapanda boti kwenda kwa mjomba, kijijini Mwamgongo. Nauli ya mbwa nimeshatoa.

Mama Wawili
Mtoto ana umri gani? Hospitali amekwenda?

Mtu wa Katubuka
Miaka sita. Hospitali ya nini kwa mkwaruzo? Mbwa si mgonjwa, anakula.

Daktari wa Ng'ombe
Amechanjwa kichaa cha mbwa?

Mtu wa Katubuka
Nilimchukua akiwa mdogo, aliyenipa alisema ameshachanjwa.

Daktari wa Ng'ombe
Kadi unayo?

Ngoja niandike moja kwa moja, usiku huu usome. Mkwaruzo wa jino uliotoa damu ni kung'atwa. Kidonda kioshwe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili huku mkitazama saa, na tumbaku yote itoke. Kuchelewa siku chache hakufuti chanjo, kwa hiyo mtoto aende hospitali asubuhi aanze, na arudi kila tarehe atakayopangiwa. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mtu akisubiri aone kama mtoto ataumwa, amesubiri kifo.

Na mbwa haendi popote. Mbwa aliyemng'ata mtu hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Kama alikuwa na kichaa kwenye mate siku ile, ndani ya hizo siku atabadilika au atakufa. Ukimpandisha boti umeutupa ushahidi wote ziwani. Chanjo ya mtoto lakini isisubiri hizo siku 10. Mpigie afisa mifugo wa kata yako.

Kuhusu mkia: mkia uliosimama wima, mgumu, unaotikisika kwa haraka haraka si furaha. Furaha mbwa anaitikisa mpaka kiuno.

Binti Kibirizi
Mimi ni wa Mwamgongo kabisa. Huyo mjomba anajua anapokea nini? Kijiji chetu kinapakana na Hifadhi ya Gombe, nyani wanashuka mpaka mashambani, mbwa wanawafukuza, wanarudi na majeraha. Sokwe wanaofuatiliwa humo tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960 wapo hapo juu tu. Halafu wewe unatuletea mbwa asiye na kadi, aliyeng'ata, kwa boti iliyojaa abiria na watoto, kwa sababu mwenye nyumba amekununia?

Mtu wa Katubuka
Dada usinihukumu. Mimi ni mpangaji. Nikimbakisha mbwa, kodi yangu inaisha mwezi huu na sitaongezewa. Mkininyooshea kidole mnilipie na chumba.

Ustadhi Mpole
Nilisema mimi.

Daktari wa Ng'ombe
Ustadhi hukusema hili, ulisema la vyombo.

Shabiki Mchovu
Wakuu samahani, mimi nasikia harufu ya chai hapa, hadithi ya kutunga. Huyu jamaa mwaka jana alileta uzi wa paka wa jirani anayeamkia "shikamoo". Nimefukua, upo. Humo alijitambulisha ana nyumba yake Mwandiga, haishi Katubuka. Leo ni mpangaji, ana mke, watoto, banda la kuku na mbwa mlinzi ambaye vibaka wanamwogopa ila anaogopa "kamu". Tena akibanwa tu, kinatokea kidonda. Kwa nini hakikuwepo mwanzo? Chai hii, na majani yake ni ya tumbaku.

Kijana wa Gungu
Hahaha uzi wa paka naukumbuka! Kurasa kumi na moja!

Reli ya Kati
Paka aliyeamkia mimi nilimwamini lakini.

Mtu wa Katubuka
Ile ya paka ilikuwa Siku ya Wajinga na nilisema mwishoni. Nyumba ya Mwandiga ni ya kaka yangu. Sina sababu ya kutunga mtoto wa watu kaumia.

Shabiki Mchovu
Picha.

Mama Wawili
Shabiki, na kama ni kweli? Wewe unasubiri picha, mtoto ana tumbaku mkononi.

Shabiki Mchovu
Mama Wawili, sijakataza maji na sabuni. Nimesema picha. Humu tumeshawahi kuchangia msiba wa mtu aliyekuwa anasoma michango yake mwenyewe.

Binti Kibirizi
Mimi sijali chai au si chai. Kesho alfajiri nipo gatini. Mbwa wa rangi ya udongo akikanyaga boti ya Mwamgongo, nahodha atajua kila kitu.

Mtu wa Katubuka
(kesho yake)
Boti imeahirishwa. Nauli nimedai, nimerudishiwa nusu. Mama yake mtoto alikataa kwanza, kasema ni aibu kwenda hospitali na kidonda kilichokauka, mpaka mke wangu akamsomea alichoandika Dokta. Tupo foleni toka asubuhi. Jeki nimemfungia kwenye banda la kuku, kuku wapo nje. Afisa mifugo amesema atapita mchana.

Ila Dokta, mbona hukunijibu, nikiingia bandani kumpa maji nimwite kwa jina au nisimwite?

Daktari wa Ng'ombe
Usiingie. Sukuma bakuli kwa mti mrefu ukiwa nje, simama ubavu, nyamaza. Watoto wote mbali. Jina utalianza upya siku hizo zikipita salama, labda hata jina jipya, na kila akiitikia anapata kichwa cha mgebuka. Hilo la kuwangurumia watoto tutaliongea, na watakaofundishwa zaidi ni watoto.

Mtu wa Katubuka
Picha hiyo hapo ya karatasi ya hospitali. Jina la mtoto nimeliziba. Shabiki umeridhika?

Shabiki Mchovu
Tarehe ni ya leo, muhuri upo. Sawa, mtoto nimemkubali na namwombea. Mbwa nimemkubali. Kodi siwezi kukusaidia. Yule paka bado tunadaiana.