Kitabu cha The 4-Hour Body: dereva na mama mwenye kisukari tunaweza kukifuata?

Dereva wa Mikoani (Dodoma)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naendesha basi la mikoani, na kazi yenyewe mnaijua: kukaa kwenye usukani toka alfajiri, mchana chipsi mayai stendi, soda baridi ili usingizi usinichukue. Tumbo limetoka na mkanda nimeshauongeza tundu. Mdogo wangu kaniletea kitabu cha Timothy Ferriss, The 4-Hour Body, kilichotoka Marekani mwaka 2010 na kushika namba moja kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Kinene kweli, zaidi ya kurasa 500, ila sehemu ya chakula nimeisoma yote.

Nilivyoelewa, mlo wake una sheria tano. Usile wanga mweupe: mkate, wali, viazi, tambi. Rudia milo ile ile michache. Usinywe kinywaji chenye kalori. Usile matunda. Halafu siku moja kwa wiki, yeye anapenda Jumamosi, unakula chochote roho inapenda. Kila mlo uwe na protini, jamii ya kunde na mboga.

Nauliza hivi: anasema mtu anaweza kupungua ratili 20, yaani kama kilo 9, kwa siku 30 bila mazoezi. Ni kweli? Na matunda yana kosa gani? Kubwa zaidi, mama yangu ana kisukari, anameza glibenclamide na metformin. Ameniona nakula maharage na mayai asubuhi, sasa anataka tuanze wote Jumatatu. Nimruhusu?

Kijana wa Chuma (Mwanza)

Kaka, anza tu. Mimi nilichukua mazoezi yake ya kurusha chuma kizito chenye mshikio, kile cha kuzungusha kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua. Mapaja na mgongo vimekaza na hayachukui muda mrefu. Jamaa mwenyewe anaeleza alivyoongeza ratili 34 za misuli kwa siku 28. Hayo ya mama sina utaalamu nayo, subiri wenye kujua.

Muuguzi wa Lishe (Tanga)

Kaka Dereva, nimefanya kazi kliniki ya kisukari miaka mingi na kitabu hicho nimekisoma. Nitaanza na mama, kwa sababu hiyo Jumatatu yenu imenitia hofu.

Glibenclamide inaisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na haiulizi kama umekula ugali au hukula. Daktari alimpangia mama dozi ile akijua anakula wanga wake wa kawaida. Ukiondoa ugali, wali na mkate kwa siku moja huku kidonge kikibaki kile kile, sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 mmol/L. Hapo utaona jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika, na akiachwa hivyo anaweza kuzimia. Kwa wazee hali hii hutokea usiku pia, wakati nyumba nzima imelala. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo. Wasiwasi wangu ni ile nyingine. Kwa hiyo mama asianze Jumatatu. Apelekwe kliniki kwanza na aeleze mlo anaotaka kuufuata. Huenda dozi ikapunguzwa, huenda dawa ikabadilishwa, na atapangiwa kupima sukari mara kwa mara katika majuma ya mwanzo. Nyumbani muwe na sukari karibu. Dalili hizo zikitokea na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Siku ya kula chochote pia haimfai. Wewe utapata kiungulia na usingizi. Yeye sukari itapanda, na kuirudisha ni kazi ya siku nzima.

Sasa kilo 9. Nakuomba tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kalori 7,700. Kilo 9 ni kama kalori 69,000. Gawanya kwa siku 30, unapata upungufu wa kalori 2,300 kila siku. Hicho ni karibu chakula chote anachohitaji mwanamume wa kazi ya kukaa. Kwa hiyo mizani inaweza kushuka sana, lakini si mafuta peke yake. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu kama tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yanatoka kwa mkojo. Ndiyo sababu wiki ya kwanza watu hushangilia, wiki ya tatu wanakata tamaa na kurudi kwenye chipsi. Ukilijua hili mapema hutavunjika moyo.

Hizo ratili 34 anazosema kijana wetu wa Mwanza ni kilo 15 na zaidi. Ni taarifa ya mtu mmoja aliyejipima mwenyewe, na kitabu kizima kimejengwa hivyo: Ferriss si daktari, alijifanya yeye mwenyewe uwanja wa majaribio. Namheshimu kwa bidii hiyo. Lakini mwili wa mtu mmoja hauwezi kunieleza wewe utapata nini.

Sasa nikueleze ninachokipenda, maana kipo na ni kikubwa. Amewarudisha watu kwenye kunde! Mzungu tajiri anawaambia wenzake wale maharage na dengu kila siku, wakati huku kwetu kuna watu wanaona maharage ni chakula cha shida, cha bweni. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina protini karibu gramu 15, na nyuzinyuzi zake hufanya wanga wake upande taratibu kwenye damu. Anashauri gramu 30 za protini ndani ya dakika 30 baada ya kuamka. Mayai matatu yana kama 18, ongeza kikombe hicho, umefika bila kununua unga wa protini wa kopo. Mbaazi, kunde, choroko, zote zinafaa. Na kwenye vinywaji yuko sahihi kabisa: soda ya mililita 300 ina sukari takriban gramu 30, na tumbo halihesabu kama umekula.

Jambo jingine zuri ni kupima kwa tepu. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula. Kwa mwanamume, hatari ya moyo na kisukari huanza kupanda kuanzia sentimita 94. Kwa mwanamke 80. Na wewe ambaye mama yako ana kisukari, pima sukari yako pia.

Kwenye matunda naachana na Ferriss. Hofu yake ni fruktosi, sukari ya matunda, ambayo ini huweza kuigeuza mafuta. Kwa soda na juisi hofu hiyo ina msingi. Kwa chungwa zima au kipande cha papai, lenye nyuzinyuzi na maji yake, sioni sababu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wagonjwa wengi ninaowaona hawafiki hata nusu. Yeye mwenyewe anaruhusu nyanya, na parachichi kwa kiasi.

Vidonge anavyopendekeza Ferriss achana navyo. Anataja mchanganyiko wa policosanol, asidi ya alfa-lipoiki, dondoo ya chai ya kijani na ya kitunguu saumu. Dondoo ya chai ya kijani kwa dozi kubwa imehusishwa na madhara kwenye ini. Asidi hiyo inaweza kushusha sukari, na sitaki ikutane na glibenclamide ya mama. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno.

Mama wa Jikoni (Morogoro)

Mwanangu Dereva, mimi nauza chakula hapa stendi na madereva nawalisha kila siku. Ukifika mwambie mpishi mapema: maharage, mchicha au matembele, samaki, ugali aupunguze au auache. Hakuna atakayekushangaa, siku hizi wanaoomba hivyo ni wengi. Maharage nyumbani yaloweke usiku, yale maji uyamwage, uyachemshe kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Mabichibichi yanaumiza tumbo vibaya. Na usianze na bakuli zima, utasumbuka na gesi huku umebeba abiria.

Dereva wa Mikoani (Dodoma)

Shikamoo mama, nimekusikia. Dada Muuguzi, Mungu akubariki, nilikuwa sijui kabisa habari ya hicho kidonge. Nimempigia mama, ameridhika asubiri kliniki. Mimi nimeanza, soda nimeacha, ugali nachukua nusu. Swali la mwisho: chai ya maziwa? Kitabu kinakataza maziwa na mama bila chai ya maziwa haamki.

Muuguzi wa Lishe (Tanga)

Maziwa Ferriss anayakataa akisema yanapandisha insulini. Mimi simnyimi mama. Kikombe kimoja asubuhi, bila sukari, na kihesabiwe kama chakula. Wewe kwenye safari kunywa chai ya rangi kavu, na basi likisimama shuka utembee hadi mwisho wa stendi na kurudi.

Siku ya kliniki nenda naye mwenyewe. Beba kadi yake, vidonge vyote anavyomeza na majani yoyote ya dawa anayochemsha nyumbani. Wazee huwa hawayataji mpaka uyaweke mezani mbele ya daktari.