Gazeti likigusa wakubwa linafungiwa fasta, sisi tukichafuliwa tunaambiwa tuvumilie!

Wakuu, nimekasirika, sitazunguka.

Mdogo wangu anauza vitenge Kariakoo. Majuzi alikamatwa kwa tuhuma za kununua mali ya wizi. Hata kituoni hajafika, televisheni moja ya mtandaoni imeshamrusha, sura wazi, jina wazi, kichwa cha habari kinamwita mwizi sugu. Polisi wakagundua si yeye, wakamwachia, mahakamani hakufikishwa. Mnadhani walisahihisha? Thubutu! Tulipowafuata tukaambiwa video inatazamwa sana, kama tunataka ishuke basi tuzungumze vizuri. Yaani tuulipie ukweli! Mpaka leo ipo, na wenye maduka ya jumla hawamkopeshi tena mzigo.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba nguvu ya kuwajibisha vyombo vya habari nchi hii inayo, ila inaamka wakubwa wakiguswa. Juni 2017 gazeti la Mawio lilitoa picha za marais wastaafu kwenye habari ya mikataba ya madini: kifungo miezi 24. Septemba ikawa zamu ya gazeti la MwanaHALISI. Tanzania Daima wakafutiwa leseni 2020. Leseni za magazeti hayo zilirudishwa Februari 2022, watu wameshakaa miaka bila kazi. Oktoba 2024 kampuni ya magazeti ya Mwananchi nayo, leseni za mtandaoni zikasimamishwa siku 30 kwa katuni ya video iliyogusa watu waliopotea. Kwa hayo hatua huchukuliwa chapchap. Kwa muuza vitenge, kimya.

Na asije mtu hapa kuniambia dawa ni serikali iwabane zaidi. Sitaki! Rungu hilo halimpati kanjanja, yaani mwandishi wa uongo, linampata anayeuliza fedha zetu zimekwenda wapi. Ninachodai ni kwamba aliyechafua asafishe palepale alipochafulia, kwa ukubwa uleule, bila bahasha. Kashfa iliondolewa kwenye jinai 2023, sawa kabisa, lakini wakili wa kesi ya madai tunamlipa nini? Baraza la Habari (MCT) lipo tangu 1995 na linasikiliza malalamiko, ila ni chombo cha hiari. Mtu akigoma kuomba radhi linamfanya nini?

Kama kuna aliyewahi kupeleka lalamiko MCT dhidi ya hizi televisheni za mtandaoni, aniambie alianzia wapi na kama video ilishushwa. Nyaraka za polisi tunazo.