Mashine kuukuu imekataa programu: fundi akiruka kizuizi, ni msaada au ni hatari?

Mwalimu wa Lurambi
Wadau, kuna jambo limegawanya bodi ya shule yetu hapa Kakamega. Tuna kompyuta 14 za mezani, za mtumba, prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, RAM giga 2, zote ziko Windows 7. Muhula huu tulitaka kuweka programu mbili, moja ya kufunza kupiga chapa na moja ya hesabu. Ya kwanza inakataa, inasema inataka Windows mpya zaidi. Ya pili inasema sahihi ya faili, ile alama ya kidijitali ya mtengenezaji, haikuthibitishwa. Fundi mmoja ameahidi kuruka vizuizi vyote kwa siku moja, shilingi 500 kila mashine. Mzazi mmoja kwenye bodi anasema huko ni kughushi. Mwenyekiti anasema pesa za kompyuta mpya hazipo na watoto hawawezi kungoja. Mnaonaje? Ni haki kuruka, na ni salama?

Jamaa wa Nyalenda
Bofya faili upande wa kulia, ingia pale pa utangamano (Compatibility), chagua Windows 10, basi. Dakika mbili. Hiyo 500 ni ya nini?

Fundi wa Kondele
Jamaa, fungua hiyo orodha kwenye mashine ya Windows 7 kisha urudi hapa. Windows 10 haimo. Orodha ile inarudi nyuma tu: Vista, XP, hata Windows 95. Iliwekwa ili programu kuukuu ijione iko kwao. Shida ya mwalimu ni kinyume.

Mwalimu, "kizuizi" ni neno moja kwa mambo matatu. Kuna kizuizi cha mlangoni: faili ya kuinstoli inauliza toleo, Windows 7 inajibu nambari yake ya ndani, 6.1, na kwa kuwa mwenye programu aliandika "chini ya 10 usiingize", inafunga. Ndani huenda programu haihitaji chochote kipya. Hapo unaifungua faili kwa 7-Zip, programu ya kufungua faili zilizobanwa, unatoa kilichomo, unakiendesha moja kwa moja. Mara nyingi inakubali.

Kuna kizuizi cha upungufu: mashine haina sasisho fulani. Tangu 2019 faili nyingi husainiwa kwa SHA-2, aina mpya ya sahihi, peke yake, na Windows 7 ambayo haikuwekewa sasisho KB4474419 haijui kusoma sahihi hiyo. Hiyo ya hesabu nadhani imekwama hapo. Kuweka sasisho si kuruka kitu.

Halafu kuna kizuizi cha kweli. Unaruka mlango, inaingia, unaifungua, inakuambia kitu fulani hakipatikani kwenye KERNEL32.dll, faili ya msingi ya Windows. Hapo programu inaomba kazi ambayo Windows 7 haikufundishwa kamwe. Kuna kiraka cha VxKex kinachojaribu kuziba pengo hilo, ila mimi singekiweka kwa mashine ya shule kabla ya kuijaribu moja kwa wiki nzima.

Mkaguzi Nakuru
Mwalimu, nafanya kazi ya kulinda mitandao na nakuambia usithubutu. Windows 7 ilikatiwa msaada Januari 14, 2020. Matundu mengi yaliyogunduliwa tangu hapo yako wazi. Mnakumbuka ile virusi iliyofunga hospitali za Uingereza, 2015 kama sikosei? Zilikuwa mashine za XP ambazo watu waling'ang'ania. Na kuruka kizuizi ni kosa la jinai chini ya sheria yetu ya 2018. Shida ya huku kwetu ni mafundi wa kando ya barabara: anakuja na flashi, anatia anachotia, anachukua pesa, kesho simu imezimwa.

Fundi wa Kondele
Nimeandika aya nne nikieleza kazi, jibu lako ni kwamba nazima simu. Kibanda changu kiko mahali pamoja miaka tisa. Wateja wangu wananijua kwa jina na wanajua nyumba yangu. Taja mtu mmoja niliyemtoroka.

Mkaguzi Nakuru
Sikukutaja wewe.

Fundi wa Kondele
Uliandika "mafundi wa kando ya barabara" chini ya maandishi yangu. Mimi ni fundi na niko kando ya barabara.

Omwami wa Mumias
Ngojeni, turekebishe habari kwanza. Ile virusi ni WannaCry, Mei 2017, si 2015. Na mashine nyingi zilizopigwa hazikuwa XP, zilikuwa Windows 7, wakati Windows 7 bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Watu hawakukiweka. Kwa hivyo Mkaguzi, mfano wako unamuonya mwenye mfumo mpya aliyelala vilevile.

Dawa yangu mimi ni moja: ondoeni Windows, wekeni mfumo mwingine, Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce. Ni bure na inasasishwa.

Mwanasheria mwanagenzi, Kisumu
Na hilo la jinai, taratibu. Sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inamshika anayeingia kwenye mashine bila idhini. Hapa shule ndiyo mwenye mashine na ndiyo imemuita fundi. Masharti ya leseni ya programu ni suala tofauti, la mkataba. Mwalimu asome yale masharti ya hizo mbili. Neno "kughushi" la yule mzazi halikai hapa.

Mkaguzi Nakuru
Sawa, 2017, nakubali nilikosea mwaka. Lakini msinichukulie kama mtu anayetisha watu. Nimewahi kukaa na mhasibu wa kampuni moja hapa mjini, jina nimelihifadhi, akilia mbele ya skrini nyekundu, rekodi za mishahara za miaka mitatu zimefungwa. Chanzo ni mashine moja kuukuu aliyoambiwa "imetengenezwa". Nikisema usithubutu, naiona sura ya yule mhasibu.

Mama wa Section 58
Mimi si mtu wa kompyuta, ni mkazi tu wa Section 58, mtaa wa Nakuru, ila hapa pamenigusa. Juni mwaka jana niliingia saiba moja kujaza ritani ya kodi, tarehe 30 kama kawaida ya Wakenya. Mashine ilikuwa ile ya zamani, kioo kimefifia pembeni. Brauza iliandika onyo jekundu, kijana akaja akabofya mara mbili likatoka, akaniambia "endelea mama, hii huwa hivyo". Wiki mbili baadaye PIN yangu ya kodi ilitumika na mtu nisiyemjua, na nenosiri limebadilishwa. Sasa nasoma hapa mnajadiliana mlango na sahihi. Mimi aliyeketi kwenye kiti, nani aliniambia chochote?

Dada Saiba Kibuye
Pole sana, mama. Lakini nakataa hii tabia ya kila nenosiri likiibwa ni saiba. Nina mashine sita. Nne nilinunua za mtumba na bado zina Windows 7, kwa sababu saiba ya photokopi na vyeti hainiingizii pesa za kununua sita mpya. Juni nafungua saa kumi na mbili asubuhi nafunga saa nne usiku, najazia watu fomu, wengine hata jina la mama yao hawajui limeandikwaje kwenye kitambulisho. Nenosiri wanalisema kwa sauti, foleni nzima inasikia. Wengine wananiambia "niwekee tu, dada, nitasahau". Nikilikataa nakuwa mbaya. Nikiliandika nakuwa mwizi.

Mama wa Section 58
Dada, sikukuita mwizi. Nimeuliza ni nani aliyeniambia.

Dada Saiba Kibuye
Na mimi nimekujibu kwamba tunaambiwa sisi kila siku na hatulipwi kwa kusikia.

Jamaa wa Nyalenda
Nimeangalia. Windows 10 haimo kwenye orodha. Fundi yuko sawa.

Fundi wa Kondele
Asante, ndugu yangu.

Mkaguzi Nakuru
Hilo la mama ndilo nililokuwa nalisema kwa maneno mabovu. Chrome iliacha Windows 7 kwenye toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Saiba inayotumia hiyo hadi leo inamkalisha mteja kwenye brauza isiyorekebishwa tena. Na lile onyo jekundu ndilo kitu pekee kilichokuwa kinamtetea. Yule kijana alilizima.

Dada Saiba Kibuye
Na huenda hujui lile onyo linatoka wapi mara nyingi. Mwaka jana mashine yangu namba 3 ilianza hivyo hivyo, kila tovuti nyekundu, kila programu inakataa kuingia, sahihi si halali. Nilimlipa kijana mmoja akaizungusha siku mbili, akataka kufuta kila kitu. Siku ya tatu nikatazama ile saa ya chini kulia. Januari 2009. Mashine ilikuwa inaamini tuko 2009, kwa hivyo kila cheti cha kidijitali, kile kinachothibitisha tovuti au programu, kwake kilikuwa hakijazaliwa. Nikafungua ubavu, nikakuta ile betri ya duara, CR2032, imeota kutu nyeupe. Nikanunua nyingine kwa fundi wa saa hapo Kibuye, nikairudishia, nikarekebisha tarehe. Nyekundu zote zikaisha. Kwa hivyo kijana aliyebofya onyo alikosea, nakubali, lakini huenda hakukuwa na mwizi ndani. Kulikuwa na betri imekufa.

Omwami wa Mumias
Dada, hapo nakupinga kwa heshima. Ukiwazoesha watu kwamba nyekundu ni betri, siku nyekundu ni mwizi watabofya vilevile.

Dada Saiba Kibuye
Sijamzoesha mtu. Nilibadilisha betri. Onyo nililiondoa kwa kuondoa sababu yake, sikulifunika.

Mama wa Section 58
Hilo nimelielewa kuliko yote mliyoyaandika. Yule kijana hakutazama saa. Alibofya tu.

Mwalimu wa Lurambi
Wadau nimerudi, nilikuwa darasani. Naona tumefika Juni na kodi, lakini sijakasirika, maana swali langu nilikuwa sijaliona vizuri. Omwami, Linux tulijaribu mashine moja. Ilienda vizuri, ila programu ya hesabu ni ya Windows tu. Na kuna mtu amenipigia simu akisema niruke moja kwa moja hadi Windows 11, eti kizuizi chake kinarukika kwa flashi iliyotengenezwa na programu ya Rufus. Ni kweli?

Fundi wa Kondele
Rufus inaruka yale masharti ya TPM, ile chipu ya usalama, na ya RAM, ni kweli. Lakini kwa Core 2 Duo usijaribu. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inadai amri iitwayo POPCNT ndani ya prosesa yenyewe, na Core 2 haina. Hakuna flashi inayoongeza kitu kwenye chuma. Itakataa kuwaka kabisa. Nimewaona vijana wakiuza huduma hiyo kwa mashine kama zako, na hapo, Mkaguzi, nitakuwa na wewe: huyo amekuibia.

Mkaguzi bado hajasema kitu kuhusu kibanda changu.

Mkaguzi Nakuru
Fundi, nilikosea kuwaweka nyote kapu moja. Unajua kazi yako. Nimesema.

Lakini mwalimu, msimamo wangu kuhusu intaneti haujabadilika. Kama mtaruka kile cha kupiga chapa, toeni waya wa mtandao kwenye hizo mashine. Programu ya kupiga chapa haihitaji intaneti. Mtihani, usajili, matokeo, kila chenye jina la mtoto, kifanywe kwenye mashine moja mpya ya ofisini.

Fundi wa Kondele
Hapo hatuna ugomvi. Mimi huwaambia wateja hivyo.

Mama wa Section 58
Huwa unawaambia kwa mdomo au unaandika? Maana na mimi yule kijana angesema aliniambia.

Fundi wa Kondele
Kwa mdomo.

Mama wa Section 58
Basi andika. Karatasi ndogo ubandike juu ya kioo: mashine hii ina mfumo usiohudumiwa, usiweke nenosiri la pesa wala la kodi. Mimi ningesoma. Ningesimama niende kwingine.

Dada Saiba Kibuye
Na mimi ningefunga duka. Mama, nakuelewa, lakini nikibandika hiyo Juni, jirani asiyebandika ndiye atakayejaa.

Mama wa Section 58
Najua, dadangu. Bado nakuomba ubandike.

Mwalimu wa Lurambi
Nimetoka maabara sasa hivi. Nimetazama saa ya kila mashine kama alivyosema Dada Saiba. Tisa kati ya 14 ziko 2009. Nimerekebisha tarehe kwa mkono kwenye moja, ile ya hesabu imeinstoli bila kurukwa chochote, nimeipiga picha nimemtumia mwenyekiti. Nikizima mashine inarudi 2009.

Fundi, betri tisa utaniletea kwa pesa ngapi?

Fundi wa Kondele
Betri nunua mwenyewe hapo Kakamega mjini kwa watengeneza saa, mwalimu, zisiwe za kubahatisha. Kuziweka ni kazi ya asubuhi moja, nitakuja Jumamosi. Kile cha kupiga chapa tutakijaribu kwenye mashine moja, waya ukiwa nje.

Dada Saiba Kibuye
Mama wa Section 58, zile nne za Windows 7 nimebandika mbili, zile za karibu na mlango. Zingine sijaamua.