Mrejesho: Pipa la nili limeamka

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kwa nini pipa langu la kutia vitambaa rangi ya buluu kwa sukumo, yaani majani ya mmea wa nili yaliyochachushwa kutoka Tokushima, Japani, lilitoa buluu hafifu inayochuja. Nilifuata ushauri wa kuongeza chokaa hadi pH (kipimo cha asidi na alkali) ikakaribia 10.5, kulilisha pumba za ngano na kulifunika blanketi. Povu la buluu lenye utando wa rangi ya shaba likajitokeza, na sasa kitambaa hutoka kikiwa kijani, kisha hugeuka buluu kikipigwa na hewa. Kukichovya mara nyingi kwa muda mfupi kumesaidia kuliko kukiloweka mara moja, jambo ambalo awali sikuliamini. Michirizi ya arashi, mtindo wa Kijapani wa kufunga kitambaa kabla ya kukitia rangi, hapa kikiviringishwa kwenye bomba, imetoka safi. Kumo, mtindo mwingine ambapo kitambaa hukunjwa na kufungwa kwa uzi kutoa umbo kama utando wa buibui, bado inanishinda: kwenye pamba nzito rangi hupenya chini ya uzi, hata nikikaza.