Mlango wa oveni umejifunga baada ya kujisafisha na haufunguki

Mwokaji wa Kizingo

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ninaoka keki na biskuti za kuuza nyumbani kwangu Kizingo, na tangu juzi oveni yangu imekuwa kama sanduku lililopotelewa na ufunguo. Ni jiko la umeme la Kimarekani, lenye sahani nne juu na oveni chini, ambalo kaka yangu alilituma kwa kontena miaka miwili iliyopita. Fundi aliyelifunga aliliwekea transfoma ya kugawa volti 240 za hapa kwetu ziwe 120 mara mbili, kwa kuwa ndivyo jiko lenyewe linavyotaka, na tangu siku hiyo halijanisumbua, isipokuwa saa yake tu, ambayo huchelewa dakika kumi kwa kila saa moja. Hiyo nimeizoea, na keki huzitoa kwa kunusa na kutazama.

Juzi usiku nilitumia kwa mara ya kwanza ile kazi ya kujisafisha kwa moto mkali, nikaiwekea muda wa saa tatu. Asubuhi nilikuta jiko linalia, kioo kinaonyesha herufi F na tarakimu ambazo kitabu chake kinazieleza kuwa ni hitilafu ya komeo la mlango, na mlango wenyewe umeshikwa. Nimezima swichi kuu usiku kucha. Nikiwasha, nasikia mota ikizunguka juu ya mlango kwa muda mfupi, kisha inanyamaza na F inarudi. Fundi niliyempigia simu amesema, bila ya kuja kulitazama, kwamba bodi, yaani kile kibao cha elektroniki kinacholiongoza jiko, imeungua na ni lazima niagize nyingine Marekani. Je, kuna njia ya kuhakikisha jambo hili kabla sijatoa fedha?

Kijana wa Nyali

Aleikum salaam, dada. Sababu iko wazi. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde, na wetu ni wa hezi 50, na mota ndogo za namna hiyo hufuata hezi, kwa hivyo mota yako inazunguka polepole kwa sehemu moja katika sita. Bodi hulisubiri komeo kwa muda uliopangwa, na muda ukipita kabla ya komeo kufika, hutangaza hitilafu. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Ushauri wangu ni uliuze jiko hilo na utafute lililotoka Dubai, ambako umeme ni wa hezi 50 kama wetu.

Fundi Mzee, Tudor

Kijana amesema kweli kuhusu mota, lakini hakuisikiliza saa. Saa inayochelewa dakika kumi kila saa ni ushahidi kwamba bodi hiyo haina kipimo chake yenyewe cha wakati, bali huhesabu mawimbi ya umeme unaoingia: ikihesabu 60 inajua sekunde moja imepita, na hapa kwetu hesabu hiyo huchukua sekunde moja na sehemu moja katika tano. Basi ikiwa mota imechelewa kwa kiasi hicho, na anayeisubiri naye amechelewa kwa kiasi hicho hicho, hakuna aliyemkosa mwenzake.

Pale hezi zilipokudhuru, binti yangu, ni kwingine. Saa tatu ulizoweka zilikuwa saa tatu na dakika 36 za kweli, na oveni inayojisafisha hufikia nyuzi 480 hivi za selsiasi. Komeo, mota na swichi zake hukaa juu ya mlango, chini ya bamba la sahani, mahali ambapo joto lote hupandia. Makomeo mengi ninayoyajua hufa usiku wa kujisafisha.

Sasa tuzungumzie bodi. Umesema mota inazunguka. Nani anayeipelekea umeme ikiwa bodi imekufa? Ile F haisemi kwamba kitu fulani kimeungua, inasema tu kwamba bodi iliuliza swali na haikujibiwa, na anayejibu ni swichi ndogo iliyo kando ya komeo, ambayo hubonyezwa na gurudumu la mota kila komeo linapofika mwisho wa safari yake. Swichi ikiwa bubu, bodi husubiri, muda unakwisha, inakata umeme, na komeo linasimama popote lilipo. Ingekuwa mota inanguruma tu bila ya kuzunguka, ningekwambia kuna chuma kilichokwama au girisi iliyokauka ikawa kama gundi.

Kufungua mlango, usitumie bisibisi kuubanja, maana kioo cha mlango hakisamehe. Oveni ikiwa imepoa kabisa, mtu mmoja asimame kwenye swichi kuu na wewe uvute mlango taratibu. Umeme ukirudi, mota itazunguka, na katika mzunguko wake ndoano ya komeo itapita mahali pa kufunguka. Mlango ukiachia, azime hapo hapo. Ukishindwa mara tatu au nne, zima swichi kuu, inua bamba la sahani au fungua bamba la nyuma, kisha legeza skrubu zinazoshika komeo, nalo litasogea na kuuachia mlango.

Baada ya hapo vipimo ni viwili, na vyote hufanywa umeme ukiwa umezimwa na jiko limetenganishwa na waya wake wa ukutani, kwa sababu transfoma hiyo ina ncha nyingi na sipendi kumwamini mtu aliyesema amezima. Chomoa waya za swichi, weka mita ya umeme, ikiwa kwenye kipimo cha omu (ukinzani), kwenye miguu yake, uibonyeze na kuiachia kwa kidole. Katika hali moja isome karibu na sufuri, katika nyingine isisome chochote. Ikisoma omu ishirini, kisha mia, kisha inarukaruka, imeliwa na kutu. Mota nayo ipimwe: ikisoma omu za mamia au elfu kadhaa, nyuzi zake ni nzima. Tazama pia vichwa vya waya. Nyumba za Kizingo zinapuliziwa chumvi mchana na usiku, na shaba haivumilii.

Mama wa Likoni

Swichi kama hizo zimo ndani ya maikrowevu mbovu, na mafundi wa Mwembe Tayari huziuza kwa bei ndogo. Je, haziwezi kutumika?

Fundi Mzee, Tudor

Umbo mara nyingi ni lile lile, Bi, lakini soma ubavuni mwake. Utaona amperi, volti, na pengine herufi T yenye namba, ambayo ni joto la mahali inapoweza kuishi. T85 ya maikrowevu haitadumu juu ya oveni. Tafuta T125 au T150, na uhakikishe kuwa miguu inafungwa na kufunguliwa kwa mpangilio ule ule wa ya zamani. Na yeyote asimshauri binti huyu aunganishe waya moja kwa moja ili kuidanganya bodi. Bodi ikiamini mlango umekomewa ilhali uko wazi, itawasha moto wa nyuzi 480 mbele ya watoto.

Mwokaji wa Kizingo

Shikamoo mzee wangu, na shukrani kwenu nyote. Mlango uliachia mara ya pili, shemeji yangu akiwa kwenye swichi kuu. Mota imesoma omu elfu mbili na kitu. Swichi ilisoma omu arubaini, nikaibonyeza tena ikasoma mia tatu, na mguu wake mmoja ulikuwa na kutu ya kijani ambayo waya ulipochomolewa iliachia kama unga. Nimepata ya T125, imefungwa jana, komeo linakwenda na kurudi, na F imetoweka. Bodi sikuiagiza.

Kazi ya kujisafisha sitaitumia tena. Nitasugua kwa magadi kama zamani. Na ile hesabu ya mawimbi imenifungua macho kuhusu jambo jingine: keki ya dakika 50 sasa ninaiwekea 42 kwenye saa ya jiko, na kingo zake hazikauki tena.