Marekani wamemfuta kazi hadi fundi wa kufuli wa mbuga?

NahodhaKasarina
Wadau, hamjambo. Naendesha mashua ya kioo hapa Malindi, mwaka wa 19 huu. Juzi nilibeba mzee wa Kimarekani na mkewe. Mto Sabaki ulikuwa umefurika, matope yameshuka mpaka kwenye matumbawe, samaki wanaonekana kwa taabu. Nikajua leo nitadaiwa pesa nirudishe. Wapi! Mzee hana habari na samaki, ananiuliza boya tulilofungia mashua nani hulitunza. Akasema kwao, Februari 2025, serikali ilifuta kazi watu kama 1,000 wa mbuga za taifa kwa mpigo, na pale Yosemite akaondoka fundi wa kufuli pekee waliyekuwa naye. Mbuga ya kilomita za mraba karibu 3,000, fundi mmoja!

Ni kweli, au mzee alikuwa ananipigia soga tu? Nchi tajiri vile inabana matumizi kwenye funguo za vyoo?

MwalimuMambrui
Ni kweli, Nahodha. Serikali ya Trump ilitaka kupunguza watumishi wa umma, ikaanza na walio kwenye muda wa majaribio kwa kuwa hao ni rahisi kuwaondoa. Usidhani wote ni wageni kazini. Hata aliyepandishwa cheo karibuni huhesabiwa humo. Wafanyakazi wa Yosemite wakapanda jabali la El Capitan, wakatundika bendera ya nchi juu chini, ishara ya kuomba msaada. Machi jaji akaamuru maelfu ya watumishi wa idara mbalimbali warudishwe, Aprili Mahakama ya Juu ikaisimamisha amri. Wapo waliorudi. Na mwaka uliotangulia, 2024, mbuga zao zilipokea wageni karibu milioni 332, rekodi.

DamuYaKilifi
Sasa sisi hapa yatuhusu nini? Dubu wa Yosemite hajui nani kafutwa kazi.

NahodhaKasarina
@DamuYaKilifi ndugu yangu, inaonekana hujawahi kutia nanga. Mimi nilipokuwa kijana niliitupa pasipofaa, nikaivuta ikaja na tumbawe kubwa kama sinia ya pilau. Mzee aliyenifunza kazi hakunigombeza. Kila tukipita pale alikuwa akigonga kioo kwa kidole, "lile shimo lako lile." Miaka mitatu anagonga! Mengine hayo hayakui hata sentimita moja kwa mwaka.

Boya si lolote, plastiki na kamba. Lakini lazima mtu azame aitazame ile kamba, aikwangue chaza, aibadilishe ikilika. Mtu huyo mgeni hamwoni, hapigi naye picha. Ukimwondoa, mwezi wa kwanza hakuna kitu. Siku kamba ikikatika, mashua kumi zinatupa nanga kumi juu ya matumbawe yaliyohifadhiwa tangu 1968. Dubu hajui, sawa. Tumbawe litajua.

BintiPate
Shikamoo mjomba Nahodha. @DamuYaKilifi yanakuhusu kuliko unavyodhani. Fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, zilikuwa zikifika hadi hifadhi za jamii za kaskazini mwa Kenya, na shirika hilo Wamarekani walilifunga Julai 2025. Kaka yangu alikuwa mlinzi wa jamii, analala ufuoni kulinda mayai ya kasa. Mradi ukaishiwa, sare akaambiwa abaki nayo. Sasa anavua pweza, na ile sare mama anapangusia taa.

DamuYaKilifi
Haya, nimenyamaza. Pole sana dada.

NahodhaKasarina
Marahaba mwanangu. Muulize kaka yako pumzi yake chini ya maji ikoje. Baharia wangu amehamia Mombasa, na nataka mtu wa kuzamia anitazamie kamba kabla sijafunga mashua yenye wageni. Malipo si makubwa. Na pweza atanunua sokoni kama sisi, humu mbugani hatuvui.